Theluthi ya Rwagasore

Sheria ya Kiislamu inamwachia marehemu amri juu ya theluthi moja tu ya mali yake. Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka akadhani hatapona, alitaka kutoa sadaka theluthi mbili ya mali yake, akakatazwa. Akataka kutoa nusu, akakatazwa. Akaruhusiwa theluthi, na hata hiyo Mtume akamwambia ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Theluthi yenyewe haiguswi mpaka maiti azikwe na madeni yake yalipwe. Tena mrithi hafanyiwi wasia, maana fungu lake limekwisha kupangwa, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Kanuni hizi anazijua kila mzee wa msikiti hapa Bujumbura, kuanzia mtaa wa Jabe mpaka Buyenzi, nami naamini zinajibu swali lililoitaabisha Burundi tangu 1961: mwasisi wa taifa akishafariki, ana haki gani juu ya walio hai?

Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alikuwa na miaka 29 chama chake cha UPRONA kiliponyakua viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961. Kabla mwezi haujaisha alikuwa Waziri Mkuu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba Mgiriki Jean Kageorgis alimpiga risasi katika Hoteli Tanganyika, hapa hapa mjini, katika njama iliyowahusisha wakuu wa chama pinzani cha PDC. Uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 ulimkuta kaburini. Wapo wanaosema kwamba mtu aliyetawala wiki mbili hakuasisi chochote, na kwamba tunachokiita urithi wake ni sura tuliyojichorea wenyewe baadaye. Hoja hiyo ina uzito, kwani hakuacha katiba wala kitabu cha itikadi. Ila aliacha mkusanyiko wa watu, na mkusanyiko huo unaonekana. Miaka michache kabla ya uchaguzi alikuwa akihangaikia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, na humo alishikamana na Waswahili wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, watu wenye asili ya Manyema, Tanganyika na Uarabuni, wakazi wa mitaa ambayo Wabelgiji waliitenga na utawala wa machifu. Hawa hawakuhesabiwa na wengi kuwa wenyeji kamili. Yeye aliwahesabu. Chamani mwake walikaa pamoja Wahutu, Watutsi, watu wa ukoo wa kifalme na Waislamu wa mjini. Utawala wa Kibelgiji ulimfungia nyumbani wakati wa uchaguzi wa komine wa 1960, PDC ikashinda. Alipoachiwa, mkusanyiko ule ule ukaleta ushindi wa mwaka uliofuata. Na baada ya kushinda aliwataka wananchi waipime serikali yake kwa matendo.

Basi theluthi yake, kwa maoni yangu, ni mambo mawili: raia asiulizwe kabila kwanza, na mtawala apimwe kwa kazi yake. Mengine yote yaliyofanywa kwa jina lake yalifanywa na walio hai, nao ndio wa kuyajibu. Mara tu baada ya kifo chake chama kiligombaniwa na waliojiona warithi, shemeji yake André Muhirwa upande mmoja na Paul Mirerekano upande wa pili, na ugomvi huo ukachukua sura ya Watutsi na Wahutu ambayo marehemu aliikataa. Novemba 1966 UPRONA ilifanywa chama pekee, na siku chache baadaye Kapteni Michel Micombero akaufuta ufalme. Kwa zaidi ya miaka 25 kila aliyepindua serikali, Micombero, kisha Bagaza mwaka 1976, kisha Buyoya mwaka 1987, alitawala chini ya jina la chama cha Rwagasore. Chini ya jina hilo hilo ndipo yalipotokea mauaji ya Wahutu ya 1972. Hapa ndipo kanuni ya kutomfanyia mrithi wasia inapoonyesha hekima yake. Aliyekwisha kushika jeshi, hazina na redio amepata fungu kubwa kupita wote. Akidai pia kwamba marehemu amemwachia idhini ya peke yake, wenzake wamebaki na nini? Tabia hiyo haikuishia kwa UPRONA. Noti ya faranga 10,000 iliyotolewa mwaka 2004 ina nyuso mbili, ya Rwagasore na ya Melchior Ndadaye, rais aliyechaguliwa Juni 1993 na kuuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo. Upande mmoja wa siasa ukiwa na shahidi wake, wa pili nao ulihitaji wa kwake. Mwaka 2020 Bunge likampa Rais Pierre Nkurunziza cheo cha kiongozi mkuu wa uzalendo angali hai. Mtu anawekewa wasia kabla hata hajafa.

Atasema mwingine kwamba kumpunguzia mwasisi haki ni kulivunja taifa, kwa kuwa nchi changa isiyo na nguzo ya pamoja itagawanyika kila uchaguzi. Naiheshimu hofu hiyo. Katika historia yetu ina msingi. Lakini theluthi si kitu kidogo, na wasia uliotimia katika mipaka yake una nguvu kuliko ule unaodai kila kitu. Julius Nyerere alijenga Tanzania ya chama kimoja kwa mikono yake, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaunga mkono mfumo wa vyama vingi, ingawa Tume ya Jaji Nyalali ilikuta wananchi wengi, asilimia 80 hivi, bado wanataka chama kimoja. Mwasisi mwenyewe alibainisha kwamba chombo alichokiunda si amana, amana ni umoja. Mmarekani Thomas Jefferson alimwandikia James Madison mwaka 1789 kwamba dunia ni ya walio hai. Alikosea kwa upande mmoja, maana hakuna kizazi kinachoanza mikono mitupu. Fiqhi, yaani sheria ile ya Kiislamu, inamjibu vizuri: aliyekufa ana fungu, lina kipimo, na lina zamu yake.

Zamu hiyo ndiyo tunayoisahau zaidi, na ndiyo inayotuhusu sasa. Deni hutangulia wasia. Katiba ya 2018 ilibakiza mgao uliotokana na Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, yaani Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40 katika serikali na Bunge, nusu kwa nusu katika Seneti, lakini ikaipa Seneti miaka mitano iutathmini na kuamua kama utaendelea au utafutwa. Katika mjadala wa mgao huo Rwagasore anatajwa sana. Wanaotaka ufutwe wanasema hakujali kabila, kwa hiyo tumtii, tuufute mgao. Nakubali kwamba mgao unamlazimisha mtu kubeba kabila lake mpaka ofisini, na kwamba huo sio mwisho alioutaka marehemu. Ila mgao haukuandikwa kwa ajili ya kabila. Uliandikwa kwa ajili ya hofu, na hofu hiyo ni deni la damu ambalo bado halijalipwa. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki mkoani Karusi, karibu na mto Ruvubu, ikakuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000 wa mauaji yale ya 1972. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari zao. Kibimba, Oktoba 1993, Ndadaye alipokwisha kuuawa, wanafunzi Watutsi walichomwa moto wakiwa hai. Familia za pande zote mbili zinadai, na wanaodaiwa wengine wamekufa bila kusema neno. Kuutimiza wasia wa Rwagasore wa kutoangalia kabila kabla ya kuwalipa hawa ni kugawa mali ambayo bado ni ya mdai. Deni nalo hulipwa likaisha, na siku litakapoisha mgao hautakuwa na sababu ya kubaki. Ila aliye na haki ya kutamka kwamba limekwisha ni anayedai, basi Seneti ingeanza kwa kuwauliza wajane wa Karusi na wazazi wa Kibimba, majina yao yakiandikwa pamoja katika daftari moja.