Nani Ampokee Aliyepona?



Mtu wa Mitundu anapopotewa na akili, hata jirani asiyempenda hujitokeza. Huyu hutoa nauli, yule hutoa kamba, na vijana wenye nguvu humsindikiza mpaka Itigi. Na maradhi yakiwa mazito, hupelekwa kwa njia ya Manyoni mpaka hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Akiisha kupata nafuu, daktari humruhusu. Sasa hurudi peke yake, na mfukoni ana vidonge na karatasi. Je, nani ampokee?

Nauliza hivi kwa sababu sadaka zetu nyingi kwa wagonjwa hawa hukoma kwenye kituo cha basi.

Wako wasemao kwamba maradhi haya hurudi, na kwamba mwenye busara hamkabidhi mtu wa namna hiyo mtoto, wala ng'ombe, wala mzani wa kupimia alizeti. Ni kweli kwamba huweza kurudi, hasa dawa zikiachwa. Lakini malaria nayo hurudi kila msimu wa mvua, wala hatujapata kusikia mtu kanyang'anywa shamba kwa sababu ya malaria.

Sheria ya dini yasema kwamba mwenye wazimu haandikiwi hesabu mpaka apate akili. Sehemu ya kwanza ya hukumu hiyo twaipenda sana, nasi twaitumia kumtoa mtu katika mashauri, katika urithi, hata katika ndoa. Ile "mpaka" twaiacha. Basi ikiwa akili ikimrudia wajibu wake wote humrudia, ni kwa haki gani heshima yake isimrudie? Haiwezekani mtu awe na hesabu mbele ya Mungu, kisha asihesabiwe na jirani zake.

Wengine wamekwisha kulijaribu jambo hili. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, Dkt. Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa katika nyumba za wakulima wa vijiji vya jirani, pamoja na ndugu zao. Walitibiwa hospitalini na kuishi kijijini. Mwaka 2006 Dkt. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa Mbare, mjini Harare, kuketi kwenye benchi na kuwasikiliza wenye huzuni. (Kusikiliza mabibi wanakujua, la kufundishwa ni kunyamaza.) Nalo shirika la BasicNeeds, lililoanzishwa Uingereza, lilifika mpaka Mtwara, likiunganisha dawa na kazi ya kumpatia mtu riziki.

Watu wa Mitundu wakiunda chama cha namna hii, hawana haja ya kuanza na jengo. Yatosha kuwe na nauli ya kufuata dawa, mtu wa kufuatana naye, na kipande cha shamba. Lililo gumu ni jingine. Siku ya kumchagua mweka hazina, jina la aliyerudi kutoka Dodoma likitajwa, wewe msomaji utanyoosha mkono? Najua utasema fedha za watu ni amana. Basi na awekewe mtu wa pili wa kutia sahihi, kama inavyompasa kuwekewa mweka hazina yeyote.