Akiba Haiozi

Chini ya ngazi za nyumba yetu mjini Leicester, mahali ambapo majirani huweka viatu na miavuli, pana friza ya aina ile inayofunguliwa kwa juu kama sanduku la bi harusi. Tunayo kwa miaka kumi na minne sasa, na sijapata kuiona sakafu yake. Mna nguru wa Oman aliyekatwa vipande. Mna nazi iliyokunwa, ya pakiti, itokayo India. Mna kisamvu kilichotwangwa ambacho mwenye duka, Mkongo, hukiita pondu. Mna muhogo, bamia na mbaazi zilizokwisha chemshwa. Juu ya hivyo vimepangwa vyakula vilivyopikwa kabisa: maharagwe ya nazi, mchuzi wa pweza, chapati zilizotenganishwa kwa karatasi, na sambusa ambazo mke wangu huzifunga mwezi wa Shaabani, mia mbili au zaidi, ili Ramadhani isimkute anatoka kazini jioni na manda hazijakatwa. Kila kopo lina kibandiko chenye jina na tarehe. Ni kazi ya mtu mwenye akili na subira, na kusudi langu katika makala haya si kuibeza.

Kusudi langu ni kueleza jambo lililotokea usiku mmoja wa Januari, na swali ambalo limenikaa kooni tangu hapo.

Alikuja kijana wa Kipemba, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ambaye nilisoma na baba yake. Alikuja kurudisha kitabu. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, nikamkaribisha ndani, nikamwuliza, “Umeshakula, mwanangu?” Akajibu, “Nimeshakula, ami, alhamdulillahi.” Tukampa chai na sahani ya biskuti. Tulizungumza habari za Chake Chake, habari za baridi, habari za maprofesa wake. Alipoondoka sahani ilikuwa tupu, nami niliiona tupu na sikuisoma. Wiki tatu baadaye nilipata habari kwamba posho yake ilichelewa, na kwamba mwezi ule aliuvuka kwa mkate na chai.

Nimejitetea mara nyingi mbele ya nafsi yangu. Nilimwuliza, akakataa. Hatukuwa tumepika usiku ule. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku, nami nilikuwa nimekula mayai. Yote hayo ni kweli. Lakini hatua sita kutoka mahali alipoketi palikuwa na chakula cha kulisha watu thelathini, nami sikukikumbuka. Au nilikikumbuka kama mtu anavyokumbuka fedha zilizo benki: zipo, ila hazipo mkononi.

Mtu aliyelelewa pwani anajua kwamba mgeni haulizwi kama amekula. Mgeni huambiwa karibu, na chakula huja. Yeye ana wajibu wa kusema ameshiba, na mwenyeji ana wajibu wa kutomsadiki. Baina ya wajibu hizo mbili heshima ya kila mmoja inasalimika, na mwenye njaa anakula bila ya kuonekana kuwa alikuwa na njaa. Utaratibu huu unategemea jambo moja dogo ambalo hatukupata kulitaja kwa sababu halikuwa na haja ya kutajwa: chungu kiko jikoni, na kilichomo kinaliwa sasa. Chakula kilichoganda kinahitaji uamuzi. Ni lazima kitolewe, kiyeyushwe, kipashwe moto. Na kwa kuwa kina gharama ya muda, ulimi unatangulia kuuliza ili usije ukakiyeyusha bure. Hivyo ndivyo “karibu” ilivyogeuka swali nyumbani kwangu, nami sikujua ni siku gani iligeuka.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Jambiani. Ngalawa ziliporudi na samaki wengi, changu na tasi na pengine kolekole mmoja mkubwa, hakuwa na mahali pa kuwaweka. Wachache aliwakaanga ili wafike kesho. Wakubwa aliwapasua, akawatia chumvi na kuwaanika wawe ng'onda. Waliobaki walikuwa na saa chache tu za kuwa chakula. Basi sisi watoto tulitumwa: bakuli hili kwa bi fulani, vipande hivi kwa mzee asiyeweza tena kwenda pwani. Bakuli halikurudi tupu. Likirudi na embe, au mhogo, au chumvi kidogo tu ya kuondoa aibu. Tuliukuta mtandao huo wa mabakuli umekwisha sukwa, na tukadhani unatokana na wema wa watu wa zamani.

Siku hizi nina shaka. Nadhani sehemu kubwa ya wema ule ilikuwa kazi ya uozo. Uozo ulisimama mlangoni kama mdai, ukamwambia bibi: toa leo, kwa maana kesho hutakuwa na cha kutoa. Na harufu nayo ilikuwa shahidi, kwa kuwa jirani akinusa samaki wako anajua unacho, na wewe unajua kwamba anajua. Friza imewanyamazisha wote wawili, mdai na shahidi. Katika nyuzijoto 18 chini ya sifuri hakuna kinachooza wala kinachonukia, na jirani yangu wa ukuta mmoja hajui kama nina kilo arobaini za chakula au sina hata punje.

John Locke aliligusa jambo hili katika risala yake ya pili juu ya serikali, iliyochapishwa mwishoni mwa 1689. Alishikilia kwamba mtu ana haki ya kujitwalia matunda ya ardhi kadiri awezavyo kuyatumia kabla hayajaharibika. Kinachomwozea mkononi kilikuwa fungu la mwingine. Kisha akaona kwamba fedha, kwa kuwa haziozi, zimeondoa mpaka huo, na mtu anaweza kukusanya bila kikomo pasipo kumdhulumu yeyote kwa uozo. Kila niisomapo sura ile naiona friza yangu. Imevifanyia vyakula vile fedha zilivyoifanyia mali.

Dini yetu pia ililijua swali hili mapema. Imepokewa kwamba mwaka mmoja, watu maskini wa jangwani walipofika Madina wakati wa Idi ya kuchinja, Mtume (S.A.W.) alikataza nyama ya udhiya isiwekwe zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata watu walipouliza, aliwabainishia kwamba katazo lilikuwa kwa ajili ya wale wahitaji, akawaruhusu kula, kuweka akiba na kutoa sadaka. Sina elimu ya fikihi ya kutosha kutoa hukumu hapa. Ninachokiona ni kwamba kuweka kwenyewe hakukulaumiwa. Kilichotazamwa ni nani yupo mlangoni wakati unapoweka.

Wahenga wetu walisema akiba haiozi, nao walisema kweli kwa akiba waliyoijua: mtama wa kwenye kihenge, mbata, papa mkavu, dhahabu ya mkononi mwa mama. Samaki mbichi hakuwahi kuwa akiba. Alikuwa kitoweo, na kitoweo hugawanywa.

Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima kwa hitilafu ya njia ya kuuleta kutoka bara, na haukurudi hadi Machi 2010. Dada yangu, ambaye wakati huo nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa na friza mbili, alinisimulia kwa simu kwamba siku ya pili mtaa mzima ulinuka pilau. Waliokuwa na nyama waliipika yote. Masinia yalivuka njia. Mwanamke mmoja ambaye hawakusemezana naye mwaka mzima aliletewa kuku watatu, akalia. Wiki ya pili hapakuwa tena na cha kugawa, na shida ya maji na ya biashara ilikuwa kubwa, kwa hiyo sitaki kuipamba miezi ile. Lakini dada yangu alisema neno ambalo silisahau: “Tulikuwa nacho siku zote.”

Yupo atakayeniuliza, na ni haki yake: ikiwa bibi alitoa kwa kuogopa uozo, ukarimu wake uko wapi? Anayetoa kisichowekeka ametoa nini? Nililifikiria sana pingamizi hili, na kwa muda nilidhani limenishinda. Jibu nililonalo nimeliazima kwa Aristotle, aliyefundisha kwamba tunakuwa wema kwa kutenda matendo mema mara kwa mara, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Uozo ulimlazimisha bibi kutoa akiwa msichana. Alipokuwa mzee mkono wake ulitoa hata mchele, hata sukari, vitu ambavyo vingeweza kukaa. Alikuwa amekwisha fundishwa. Wanangu, waliozaliwa hapa, hawakumpata mwalimu yule. Hawajapata kutumwa na bakuli.

Wala sitaki friza ibebe lawama yangu. Mwanamke wa jamii yetu anapojifungua katika mji huu, mbali na mama yake, mke wangu humpelekea makopo kumi na mawili ya mtori na mchuzi wa kuku, na wiki mbili za mwanzo mzazi yule hashiki mwiko. Anapofiwa mtu, nyumba inalishwa usiku uleule na watu waliotoka kazini saa tatu. Bibi yangu hakuweza hilo. Alimpa aliyekuwepo, kile kilichokuwepo. Friza inamwezesha mtu kumpikia mhitaji ambaye bado hajawa mhitaji. Ni uwezo mkubwa, na wa hiari kabisa, na ndiyo maana unanitia hofu. Hakuna kitakachonuka nikiusahau.

Nilipomsimulia mke wangu habari za posho iliyochelewa, hakunilaumu. Alinyamaza, kisha Jumapili yake akapika mchuzi wa kuku na maharagwe, akavitia katika mifuko, akailaza bapa, myembamba kama kitabu cha mashairi, ikagandia hivyo. Mfuko wa namna hiyo ukitiwa katika sufuria ya maji ya moto unayeyuka upesi, kabla mtu hajamaliza kuvua koti na kuulizwa habari za nyumbani. Ameipanga upande wa kulia, juu kabisa, na haina vibandiko. Chini kabisa, kwa taarifa ya msomaji, bado mna kopo la pweza la 2019 ambalo yeye anasema ni langu na mimi nasema ni lake.

Mwaka jana kijana yule alipita tena, sasa ana kazi Birmingham na mke. Kengele ilipolia, mimi nilikwenda mlangoni na mke wangu akaenda jikoni. Nikasikia bomba la maji likifunguliwa, na mfuniko wa sufuria.

“Msihangaike, ami,” alisema hata kabla ya kukaa. “Tumeshakula.”

Mke wangu hakumjibu. Alikuwa anateremsha sahani.