Majumba ya sinema yamekufa. Je, sinema imekufa?

Naomba leo tuzungumzie jambo ambalo huenda ukaliona si la ukurasa huu: majumba ya sinema ya zamani.

Waliokula chumvi wanayajua kwa majina. Pale Vuga, Unguja, ilikuwepo Royal, iliyofunguliwa mwaka 1921. Ikaungua moto katika miaka ya 1950, na mahali pake ikajengwa Majestic, mwaka 1955. Malindi kulikuwa na Cine Afrique. Dar es Salaam orodha ilikuwa ndefu zaidi: Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox, na Amana kule Ilala. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo, ambako mtu alitazama picha akiwa ndani ya gari lake. Uwanja ule sasa ni ubalozi wa Marekani.

Ukweli usemwe. Watazamaji wengi wa majumba hayo, hasa Unguja, walikuwa Waislamu, na baadhi ya wenye majumba pia walikuwa Waislamu. Picha zilizopendwa mno ni za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor na Mother India zilijaza watu mpaka tiketi zikawa zinalanguliwa mlangoni. Siku ya Idd, mtoto aliyekusanya pesa zake za sikukuu alikuwa hana pa kuzipeleka ila sinema, akiwa na kanzu mpya mwilini!

Masheikh walikemea, na walikuwa na haki ya kukemea. Mchezo wa giza, muziki, wanawake wasiositiriwa, vijana wanaoacha darsa. Lakini hebu tutazame kwa makini jinsi jamii ile ilivyoishi na kitu kile, maana hapo pana somo tunalolipita haraka.

Kwanza, sinema ilikuwa na mlango. Ilibidi uvae, utoke nyumbani, upite barazani kwa watu, usimame kwenye foleni, ununue tiketi. Katika safari yote hiyo unaonekana. Ukiwa kijana wa chuoni na uongo wako wa "nakwenda kwa shangazi", yupo jirani atakayekuona umejipanga pale, na habari itamkuta baba yako msikitini kabla ya swala ya Isha. Pili, ilikuwa na saa. Onyesho la alasiri, la magharibi, la saa tatu usiku, kisha taa zinawashwa na watu wanakwenda makwao. Tatu, ilikuwa na mkaguzi. Wakoloni walikuwa na bodi zao, na hawakuzitumia kwa uadilifu, kwani Tanganyika zipo picha walizoruhusu Mzungu na Muhindi wazione, Mwafrika wakamfungia. Baada ya Uhuru ikaja sheria yetu ya mwaka 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza, nayo ikaweka bodi ya ukaguzi.

Na liko jambo la nne ambalo mimi binafsi hulistaajabia kila nikilifikiri. Katika miji ya pwani, Unguja na Mombasa, kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mama zetu na bibi zetu walikwenda mchana na mabuibui yao, wao kwa wao, pamoja na mashoga zao na watoto. Sisemi kwamba kwa kufanya hivyo kila kilichoonyeshwa kilikuwa halali. Ninachosema ni kwamba jamii ile, ilipokutana na kitu kigeni, haikukubali kuingia kichwa kichwa. Iliweka sharti lake, na mwenye biashara akalifuata kwa kuwa alihitaji wateja.

Majumba yale yalikufaje? Wapo wanaodhani ni mawaidha yaliyoyaua. Laiti ingekuwa hivyo. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, yalichukuliwa na serikali. Bara, mwaka 1971, majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa, na wenye sinema wakajikuta wapangaji wa Msajili wa Majumba. Uingizaji wa filamu ukawa mikononi mwa Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968. Fedha za kigeni zikaadimika, picha mpya zikawa chache, viti vikachakaa. Televisheni ikaanza Zanzibar mwaka 1973, miaka ya 1980 zikaingia kanda za video, na mwaka 1994 vituo vya televisheni vikaanza Bara. Aliyetaka kutazama hakuwa na haja tena ya kutoka nyumbani. Asiye na televisheni alikwenda kwenye kibanda umiza, kilichozibwa kwa makuti au magunia, ambako mtoto wa darasa la tatu alitoa sarafu yake na kuketi na watu wazima bila ya kuulizwa umri. Bodi ya ukaguzi haikuwahi kufika huko.

Kwa hiyo jumba lilipofungwa, kilichoondoka ni mlango, saa, mkaguzi na jirani. Picha zenyewe zilibaki.

Mimi ni mwalimu wa somo la dini katika sekondari. Wanafunzi wangu hawajui Majestic wala Avalon, lakini wanakutajia tamthilia za Kikorea na za Kituruki moja baada ya nyingine, na hizo ni zile wanazoweza kuzitaja mbele ya mwalimu. Sinema yao iko mfukoni. Haina foleni, na chini ya shuka saa saba za usiku hakuna jirani.

Katika Suratun Nur, aya ya 30 na ya 31, Allah (s.w.) anawaamrisha waumini wanaume, kisha waumini wanawake, wainamishe macho yao. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alimuusia Ali (r.a.) asifuatishe mtazamo kwa mtazamo mwingine, kwani wa kwanza ni wake, yaani hana lawama, na wa pili si wake. Tafakari hadithi hii halafu itazame simu. Video moja ikimalizika, ya pili inaanza yenyewe bila ya kuombwa. Kifaa kimetengenezwa ili mtazamo wa pili uje, na wa tatu, na wa ishirini. Zamani mtu alilipa tena ili atazame tena.

Tunamwambia kijana amche Mola wake, na ni kweli taqwa ndiyo msingi. Lakini wazee wetu hawakumwachia kijana taqwa peke yake. Walimzungushia watu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mchunga hachungi kwa kuhutubia. Baba anayemnunulia mwanawe simu ndiye mwenye jumba la sinema sasa. Aamue yeye saa ya kufunga, aamue simu inalala wapi usiku, chumbani kwa mtoto au sebuleni. Akae atazame pamoja nao kile kinachotazamika. Kuna baba anayelalamika juu ya simu ya mwanawe huku ya kwake haimtoki mkononi tangu alipotoa salamu ya swala. Huyo sijui nimweleze nini.

Na viongozi wa misikiti nao nina neno nao. Vijana walijazana Majestic na Amana kwa sababu ya picha, na pia kwa sababu palikuwa mahali pa kwenda jioni, pana taa na pana wenzao. Misikiti yetu mingi, imamu akishamaliza Isha, mlinzi anasimama mlangoni na kufuli mkononi akisubiri wa mwisho atoke. Kwa kawaida huwa haijafika hata saa tatu, saa ile ambayo Avalon ilikuwa ndiyo kwanza inakata tiketi.