Aliyebanwa Apewe Muhula



Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii swala, wala saumu, wala hija. Inazungumzia deni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara: deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Aya mbili kabla yake, Mola anatuamuru tumpe muhula mdaiwa aliyebanwa mpaka apate wasaa, na anatufahamisha kwamba kumsamehe ni kheri zaidi kwetu. Tumezoea kuzisoma aya hizi tukiwaza duka la mtaani. Leo twendeni nazo kule ambako nchi hukopeshana.

Tuanze na majirani zetu wa Zambia, tunaopakana nao pale Tunduma. Mwaka 1979 walikopeshwa na Romania fedha za kununua matrekta, dola milioni 15 hivi. Shaba, ambayo ndiyo riziki kubwa ya nchi ile, ikaporomoka bei, na deni likawashinda. Mwaka 1999 kampuni moja, Donegal International, ikalinunua deni lile kwa Romania kwa dola kama milioni 3.3. Tuelewane hapa: kampuni ile haikumkopesha Mzambia hata senti moja. Ilinunua karatasi ya mtu aliyekwama. Kisha ikaenda mahakamani London kudai dola milioni 55! Mwaka 2007 mahakama haikuipa kiasi chote hicho, lakini Zambia iliamriwa kulipa zaidi ya milioni 15. Na hizo ni siku ambazo mataifa mengine yalikuwa yameisamehe Zambia madeni yake ili ipate kuajiri walimu na wauguzi. Wale waliosamehe walidhani wanampunguzia mzigo mgonjwa wa Lusaka, kumbe nafuu ile ilikuwa na mtu anayeivizia. Duniani watu wa namna hii wanafananishwa na tumbusi, na mimi sioni jina linalowafaa zaidi.

Haki isemwe pia: bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuwazuia watu wa namna hii wasizikamue nchi maskini katika mahakama za Uingereza. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba mambo haya ni kama mvua na jua, hayana mwenyewe. Yameandikwa na watu, na watu wanaweza kuyafuta.

Zambia ile ile ilishindwa tena kulipa mwezi Novemba 2020. Wakopeshaji wakaketi, wakaondoka, wakaketi tena. Februari 2024 ukame ulikausha mahindi mashambani hadi rais akatangaza janga la taifa, na wenye hatifungani, yaani hati za mkopo wa serikali, walikuwa bado hawajamaliza kukubaliana na serikali yake. Ilifika katikati ya mwaka ule ndipo wakamalizana. Muhula ambao Mola ameuamrisha kwa aya fupi, wanadamu waliuvutania zaidi ya miaka 3.

Kenya nayo haikukataa kulipa, na tazameni ilivyofanywa. Hatifungani waliyouza nje mwaka 2014, ya miaka 10, ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Siku ya kulipa ilipokaribia, Februari 2024, walikopa upya ili walipe deni la zamani, na safari hii riba ilikuwa asilimia 9.75. Dhiki ilizidi, na riba ikazidi. Serikali yenye deni namna hiyo hugeukia kodi, na Juni ya mwaka huo huo vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga muswada wa fedha. Kuna waliokufa. Kijana wa miaka 20 aliyeanguka siku zile alikuwa na miaka 10 deni lile lilipochukuliwa. Hakuna aliyemuuliza.

Mtaalamu wa fedha atanijibu: riba hupanda kwa sababu mkopeshaji anabeba hatari ya kutolipwa. Nimelifikiria sana jibu hili. Kama umelipwa miaka yote bei ya hatari, basi siku hatari yenyewe inapofika, kwa nini unadai chako kizima kama vile hukulipwa kitu? Mkopeshaji amekula bei ya hatari, na hatari yenyewe amemwachia mdaiwa. Hiyo ni dhuluma, hata ikipigwa muhuri na mawakili kumi.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya, maana aya ya 282 inawashika viongozi wetu. Huko Msumbiji, kati ya mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali zilikopa dola karibu bilioni 2, eti kwa ajili ya meli za kuvulia jodari na ulinzi wa pwani. Sehemu kubwa ya mkopo ule bunge halikujulishwa, wananchi hawakujulishwa. Ulipofichuka mwaka 2016, wafadhili walisitisha misaada, sarafu ikaanguka, na aliyeumia ni mama anayenunua mkate Maputo na Pemba. Waziri wa fedha aliyetia saini dhamana, Manuel Chang, alitiwa hatiani New York mwaka 2024. Mola aliamuru liandikwe na lishuhudiwe. Wao waliandika gizani, na mashahidi wao walikuwa wala rushwa.

Na sisi? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoifuta riba ya zama za ujinga katika hija yake ya kuaga, alianza na riba ya ami yake, Abbas. Alianza nyumbani kwake. Humu mtaani tunajua mikopo ya kausha damu. Tunajua mwalimu mstaafu ambaye kadi yake ya benki na namba yake ya siri viko mfukoni mwa mtu mwingine, pensheni ikiingia inatolewa na mwingine. Huyo anayezishika kadi, ndugu zangu, naogopa kuwa Ijumaa anaswali safu moja na sisi.

Liliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume. Akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa ndiyo, dinari mbili, na riwaya nyingine zinasema tatu. Hakumswalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile yeye mwenyewe. Kesho yake Mtume akamuuliza Abu Qatada zile dinari zimefikia wapi, na siku iliyofuata akamuuliza tena, mpaka alipoambiwa zimelipwa.

Baada ya swala nitabaki hapa kwenye nguzo ya kulia. Mwenye daftari la watu waliokwama aje nalo. Mwenye kadi ya mtu aje nayo.