Mufti Mahmud na Kiti cha Waziri Kiongozi

Mufti Mahmud, aliyezaliwa 1919 katika wilaya ya Dera Ismail Khan, alikuwa mwanazuoni wa fiqhi ya Kihanafi na mwalimu wa madrasa mjini Multan kabla ya kuwa Waziri Kiongozi wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini-Magharibi la Pakistan, ambalo leo huitwa Khyber Pakhtunkhwa. Alishika wadhifa huo kuanzia 1972 hadi Februari 1973, muda usiotimia mwaka. Lakini maisha yake ya siasa yanaonyesha kwa uwazi usio wa kawaida ugumu wa swali la kale: mtu wa dini akipewa amri ya dola, amri hiyo inaweza kumfanyia nini mja katika ibada yake?

Madhehebu aliyoyafuata yalikuwa na majibu mawili. Abu Hanifa mwenyewe, kwa mujibu wa wanaosimulia maisha yake, alikataa ukadhi wa Khalifa al-Mansur hata akafungwa. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akawa kadhi mkuu wa Harun al-Rashid. Chuo cha Deoband, kilichoanzishwa India mwaka 1866 na ambacho Mufti Mahmud alikuwa mfuasi wa mkondo wake, kilielemea upande wa kwanza: kiliendeshwa kwa sadaka za watu wa kawaida ili kisiwe na deni kwa serikali yoyote.

Katika uchaguzi wa 1970 Mufti Mahmud alimshinda Zulfikar Ali Bhutto, Rais wa baadaye, katika jimbo la uchaguzi la Dera Ismail Khan, jambo lililompa sifa nchi nzima. Chama chake cha maulamaa, Jamiat Ulema-e-Islam, kilikuwa na viti vichache katika baraza la jimbo, kwa hiyo kiliunda serikali ya mseto na National Awami Party ya Wali Khan, chama cha mrengo wa kushoto kisichotaka dini iongoze siasa. Amri ya serikali hiyo iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya kupiga marufuku pombe. Kiurdu kikafanywa lugha rasmi ya jimbo, ingawa wakazi wengi na washirika wake wenyewe walikuwa wasemaji wa Kipashto.

Marufuku ya pombe ndiyo hukumbukwa zaidi, lakini kama kipimo cha uchamungu si nzito hivyo. Polisi anaweza kuivunja chupa. Hawezi kumtia mtu toba. Kilicho kizito zaidi ni namna alivyoondoka madarakani. Februari 1973 Bhutto, akiwa Rais, aliiondoa serikali ya jimbo la Balochistan, iliyoongozwa na Ataullah Mengal wa chama mshirika. Serikali ya Mufti Mahmud haikuguswa. Alijiuzulu kwa kupinga hatua hiyo. Kutimiza ahadi kwa mshirika ni wajibu wa kidini usiohitaji askari, na katika siku zake zote za uongozi hakuna tendo linalomwonyesha mwanazuoni kwa uwazi kuliko hilo.

Mwaka uliofuata alisimama upande mwingine kabisa. Alikuwa miongoni mwa sauti kuu bungeni wakati wa mjadala uliozaa mabadiliko ya katiba ya Septemba 1974, yaliyowatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Jumuiya hiyo inafahamika Afrika Mashariki kwa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ya mwaka 1953. Hoja za akida alizotoa zilikubaliwa na maulamaa wengi. Ila fatwa ni rai ya mjuzi, nayo hujibiwa kwa rai nyingine. Kura ya bunge ni sheria, na nyuma yake kuna mahakama na jela. Tofauti hiyo haikumzuia, na hapo ndipo msimamo wake unapokuwa dhaifu zaidi.

Mwaka 1977 aliongoza muungano wa vyama tisa dhidi ya Bhutto. Maandamano ya kudai utawala wa Kiislamu yalimfikisha Bhutto mahali pa kupiga marufuku pombe nchi nzima, na mgogoro ukaishia kwa mapinduzi ya Jenerali Zia ul-Haq ya tarehe 5 Julai. Wanachama wa muungano huo waliingia katika baraza la mawaziri la Zia mwaka 1978, wakatoka mwaka uliofuata.

Mwaka 1980 Zia aliamuru zaka ikatwe moja kwa moja katika akaunti za benki. Zaka ni ibada, na ibada inahitaji nia ya anayeitoa. Benki haina nia. Mufti Mahmud, aliyewahi kuitumia dola kuwazuia watu wasinywe, aliupinga mpango huo. Alifariki Karachi tarehe 14 Oktoba 1980, akiwa katika mazungumzo na wanazuoni wenzake juu ya suala hilohilo. Makato hayakusitishwa. Pingamizi lake la mwisho lilikuwa sahihi kuliko amri yake ya kwanza, na kama angelishika tangu mwanzo, kura ya 1974 ingekuwa ngumu kwake kuitetea.