"Sikujua": Je, Ni Udhuru?

Katika miji yetu ya pwani, paka ni mkaazi mwenzetu. Hulala barazani, huzunguka penye kuuzwa samaki, na katika nyumba nyingi ana jina lake na sahani yake. Twapenda basi kuuliza suali moja: mtu aliyemfuga paka, kisha paka huyo akateseka kwa maradhi ya meno mpaka akadhoofu, je, yatosha kusema, "Sikujua"?

Neno hilo huenda likawa la kweli. Paka ana tabia ya kuficha maumivu. Aghalabu hula hali kinywa chamuuma, wala halii, na mwenye kumtazama kwa mbali humdhania mzima. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli, lakini godoro waweza kulifunua ukatazama.

Na cha kutazamwa ki wazi. Paka aliyekwisha kukua ana meno 30. Vijidudu, mate na mabaki ya chakula hufanya utando juu ya meno. Usipoondolewa, kwa siku chache huanza kuganda kwa madini ya mate, ukawa ukoga mgumu kama chokaa. Ufizi huvimba na kuwa mwekundu, kisha hujitenga na jino, na mfupa unaolishika jino huliwa pole pole. Dalili zake ni harufu mbaya ya kinywa, udenda, kutafuna kwa upande mmoja, kuangusha chakula, na kuacha kujilamba manyoya.

Wako watakaosema: "Paka wa mwituni hana mswaki wala daktari, naye huishi." Hoja hii ni dhaifu. Wa mwituni hatukumchukua sisi. Huyu tumemtia nyumbani atukamatie panya. Mwenye kuchukua manufaa huchukua na dhima. Wengine watasema: "Sisi wenyewe meno yetu twashindwa kuyatibu." Hii ni hoja nzito, wala hatuipuuzi. Fedha ya daktari wa wanyama si kila mtu anayo, na kuondoa ukoga uliokwisha kuganda kwahitaji paka alazwe kwa dawa ya usingizi. Asiyeweza halaumiwi kwa asichokiweza. Lakini kuinua mdomo wa paka mara moja kwa wiki na kuutazama ufizi wake hakuna gharama. Mwenye uwezo kidogo atamzoesha mswaki mdogo laini, na dawa ya meno iliyofanywa kwa ajili ya wanyama; ile yetu haifai, kwani paka huimeza.

Basi twaona hivi: kutojua ni udhuru kwa aliyetaka kujua asiweze. Ama mwenye macho, na mnyama amelala miguuni pake, akapita asitazame, huyo hakukosa ujuzi, alikosa kujali. Mnyama hana kauli ya kutushitaki, na kwa sababu hiyo hasa yatupasa tumtazame kabla hajalia.