Mgeni ni Nani Mpakani?

Kwamba kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, hatubishi. Tunalouliza ni hili: huyo atakiwaye kuonyesha cheti huchaguliwa kwa kipimo gani?

Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda, wakautia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia wa Busia na Wateso wa Tororo wakajikuta wana ndugu katika nchi nyingine, bila ya mtu kuhama.

Mwaka 1970 Uganda iliwafukuza wafanyakazi Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda, na maelfu wakakataliwa vyeti vyao. Baadhi yao walipita Tororo kwa reli kwenda Mombasa.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Sheria ikimwuliza mtu ruhusa aliyo nayo, aweza kujibu kwa karatasi. Ikimshuku kwa rangi, jina au lafudhi, hana la kujibu, kwani hata karatasi yake huhesabiwa ya uongo.

Wako wasemao kwamba askari hawezi kumwuliza kila apitaye. Kweli, lakini aweza kumwuliza kila wa kumi, awe nani awaye. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Basi na kiwatoshe wote, Mnubi na Mhindi sawa na Msamia.

Sisi walimu hufundisha kwamba mgeni ni asiyejulikana, tena ni akaribishwaye. Yafaa tufundishe pia kwamba hatambulikani kwa uso.